Njia ya Bure Iliyogharimu Shilingi 8,500

Mama mmoja mteja wetu kutoka Thika alitupigia simu Jumatatu asubuhi, sauti imemkauka. Kadi yake ya mtandaoni, ile inayochota pesa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya simu, ilikuwa imekatwa mara tatu usiku wa Ijumaa: dola 29.99, dola 19.99, na dola 14.99. Ukiweka kwa shilingi, pamoja na gharama ya kubadilisha fedha, ilikuwa kama 8,500 hivi. Hizo zilikuwa pesa za fundi wa tangi la maji. "Nimeibiwa," akatuambia. "Fungeni hiyo kadi sasa hivi."

Tukafunga kadi kwanza, maswali baadaye. Lakini tulipoangalia jina la muuzaji kwenye miamala, halikuwa jina la kushtua. Lilikuwa duka la michezo ya kompyuta linalojulikana dunia nzima. Mwenzetu wa huduma kwa wateja akauliza polepole: "Mama, kuna mtu hapo nyumbani anayecheza gemu?"

Kimya. Halafu tukasikia akimwita kijana wake, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana.

Kijana alichukua simu na hakukana. Alikuwa amepakua njia ya reli ya Ujerumani kwa ajili ya mchezo wake wa kuendesha treni. Njia hiyo ilitengenezwa na mchezaji mwenzake wa huko na kutolewa bure. Aliposema aifungue, akakuta reli inapita hewani, stesheni hazina majengo, miti haipo. Akarudi kusoma maelezo ya mtengenezaji. Humo iliandikwa kwamba ili ionekane vizuri, lazima uwe na vifurushi vitatu vya kulipia. Kadi ya mama ilikuwa bado imehifadhiwa kwenye akaunti ya duka tangu Desemba, aliponunuliwa mchezo wenyewe. Akabonyeza mara tatu.

"Lakini mathe, hiyo njia ni ya bure," tulimsikia akijitetea. Na ukweli ni kwamba hakudanganya.

Tumeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu si la kijana mmoja. Wateja wetu wengi siku hizi wanalipia vitu vya mtandaoni kwa pesa za simu, na neno "bure" ndilo linalowaponza kuliko bei kubwa. Michezo ya treni ni mfano mzuri kuliko yote tunayoijua, maana humo vitu vya bure na vya kulipia vimeungana kama mabehewa, na usipoangalia hujui lipi linavuta lipi.

Michezo hii ni ipi hasa?

Kama hujawahi kuiona, fikiria umekaa kwenye kiti cha dereva. Mbele yako kuna mkono wa kuongeza nguvu, mkono wa breki, saa ya mwendo, na reli inayokuja. Hakuna adui. Hakuna bunduki. Kazi yako ni kutii ishara, kushika ratiba, na kusimamisha treni yenye mabehewa manane pale pale kwenye alama ya jukwaa bila kuwarusha abiria. Mwenzetu mmoja hapa ofisini, ambaye hatutamtaja asije akachekwa, anasema kusimamisha treni ya mizigo kwenye mteremko kunamtuliza kuliko chai.

Michezo hii ilipata nguvu mwaka 2001, pale miwili ilipotoka karibu pamoja. Mmoja ulikuwa Microsoft Train Simulator, uliotengenezwa na kampuni ya Uingereza iitwayo Kuju. Ulikuja na njia sita, zikiwemo Settle hadi Carlisle kaskazini mwa Uingereza, milima ya Austria, na mbili za Japani. Mwingine ulikuwa Trainz, wa kampuni ya Auran kutoka Brisbane, Australia.

Njia sita zinaisha haraka. Baada ya miezi miwili unaijua kila kona, kila daraja, kila ng'ombe aliyesimama kando ya reli. Mchezaji anataka njia nyingine, injini nyingine, rangi za kampuni ya reli ya kwao. Hapo ndipo nyongeza zinapoingia, na ndipo pesa inapoanza kutoka.

Walioanza kwa kupeana

Katika ile michezo ya kwanza, zana za kutengenezea njia zilikuja ndani ya mchezo wenyewe. Kwenye ule wa Microsoft, tabia ya injini, yaani uzito, nguvu na breki zake, iliandikwa kwenye faili la maandishi tu. Mtu angeweza kulifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, akabadilisha tarakimu, akahifadhi, akaenda kujaribu. Wastaafu wa reli, wanafunzi, walimu wa hesabu, kila mmoja alitengeneza kitu na kukiweka mtandaoni ili wengine wachukue.

Auran wao walijenga ghala lao rasmi la kupakulia vitu vya wachezaji. Kila kitu, hata nguzo ya taa, kilipewa namba yake ya utambulisho, ili njia ikihitaji nguzo hiyo mchezo ujue wa kuitafuta. Ghala hilo lipo hadi leo chini ya kampuni ya N3V Games, na lina vitu maelfu kwa maelfu. Hata hapo kuna mlango wa pesa: vitu ni bure, lakini anayetaka kupakua kwa kasi na bila kikomo anauziwa tiketi anayoiita kampuni ya daraja la kwanza. Hatuoni ubaya. Kompyuta zinazohifadhi mafaili hayo zinakula umeme wa mtu.

Nguvu ya kazi za wachezaji ilionekana zaidi pale kampuni ilipoondoka. Microsoft ilijaribu kutengeneza toleo la pili la mchezo wake mara mbili, na mara zote mbili kazi ikafutwa, ya mwisho ikiwa Januari 2009, ilipofunga studio iliyokuwa ikiutengeneza. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini wachezaji wakaandika programu yao wenyewe iitwayo Open Rails, ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Inasoma njia na treni zilizotengenezwa kwa mchezo ule wa 2001. Mtu aliyenunua au kutengeneza njia zaidi ya miaka ishirini iliyopita anaweza kuiendesha leo kwenye kompyuta ya kisasa, na hakuna aliyemwomba senti.

Hilo ni jambo la kuwekwa akilini na yeyote anayelipia vitu vya kidijitali. Kampuni ikifunga, unachobaki nacho ni kile ambacho jamii inaweza kukibeba.

Na wale wanaouza

Baada ya Microsoft kuondoka, nafasi ilichukuliwa na mchezo uliotoka 2009 kwa jina RailWorks, ambao baadaye uliitwa Train Simulator na sasa unaitwa Train Simulator Classic. Kampuni yake ni Dovetail Games ya Uingereza. Mchezo wao mwingine, Train Sim World, una sura nzuri zaidi na umetoka kwa matoleo kadhaa tangu 2017.

Biashara ya Dovetail ni nyongeza. Mchezo wa mwanzo mara nyingi ni bei nafuu. Faida iko kwenye njia na injini zinazouzwa moja moja. Kwenye duka la Steam, orodha ya nyongeza za Train Simulator Classic ni ndefu kiasi kwamba ukizijumlisha zote kwa bei kamili unafika maelfu ya dola. Watu huichapisha hesabu hiyo kama kichekesho. Kuna gari la mitumba hapo, na jiko la gesi juu yake.

Lakini tuwe wakweli: hakuna anayezinunua zote, na haikukusudiwa hivyo. Mpenzi wa reli za Bavaria hana haja na metro ya New York. Unachagua chako. Njia moja kwa kawaida ni kati ya dola 20 na 40, injini moja ni kama dola 15 hadi 20. Dola ikiwa karibu shilingi 130, njia ya dola 30 ni shilingi 3,900 kabla hujaongeza gharama za kadi.

Pesa hizo zinaenda wapi? Steam kwa kawaida hubaki na asilimia 30 ya mauzo. Kwa hiyo kwenye dola 30, tisa zinabaki dukani. Zilizosalia zinagawanywa kati ya mchapishaji, timu iliyojenga njia, na wakati mwingine kampuni halisi ya reli ambayo nembo na rangi zake zimetumika. Kuna watu wameenda kwenye karakana na vipaza sauti kurekodi injini ikiwashwa, breki ikipumua, mlango ukifungwa. Kuna wasanii waliokaa miezi kadhaa wakijenga stesheni dirisha kwa dirisha. Kulipia kazi kama hiyo si ujinga.

Kinachokera ni pale unapolipa halafu unakuta ishara haifanyi kazi na marekebisho hayaji, timu ikiwa imeshahamia njia inayofuata. Na hapo, bila aibu, anayeokoa jahazi mara nyingi ni mchezaji wa kawaida. Anatoa kiraka cha bure kinachorekebisha sauti, au rangi sahihi ya kampuni ya reli ambayo muuzaji hakupata kibali cha kuitumia. Kwa hiyo umelipia nyumba, na jirani amekuja kukufungia mlango bure.

Hii ndiyo sababu sisi hatupendi kuuliza kipi ni bora, cha bure au cha kulipia, kana kwamba ni timu mbili za mpira. Baadhi ya wanaouza leo walianza kwa kutoa bure. Na mengi ya bure yanasimama juu ya ya kulipia.

Bure inayosimama juu ya pesa

Turudi kwa kijana wa Thika, maana hapa ndipo kosa lilipotokea.

Mtu anapotengeneza njia kwenye Train Simulator, hachongi kila mti na kila nyumba mwenyewe. Anachukua vilivyopo tayari kwenye vifurushi alivyonunua: reli kutoka njia hii, majukwaa kutoka ile. Haruhusiwi kukugawia vitu hivyo, kwa sababu si vyake. Anachokupa ni ramani ya mahali pa kuviweka. Vitu vyenyewe lazima uwe navyo wewe. Kuna kifurushi kimoja, European Loco and Asset Pack, ambacho kimekuwa kikitajwa kwenye mahitaji ya njia nyingi za bure za Ulaya. Ni kama mtu akupe mapishi ya biriani bure. Nyama unanunua.

Hali ni hiyo hiyo kwa safari zilizopangwa na wachezaji, zile zinazokuambia uondoke saa 12:04 na behewa moja limeharibika. Kwenye sehemu ya Steam inayoitwa Workshop zimejaa, na hazina bei. Ila safari inaweza kuhitaji injini tatu za kulipia ambazo huna, hata kama utaiendesha moja tu, nyingine mbili zikiwa zimeegeshwa kando ya reli kama mapambo.

Kwa hiyo kabla hujapakua kitu cha bure, teremka hadi kwenye orodha ya mahitaji. Iandike kwenye karatasi na uweke bei mbele ya kila kimoja. Ukikuta njia ya bure inataka dola 65, basi kwako wewe ni njia ya dola 65. Inaweza kuwa na thamani hiyo, hasa kama vifurushi hivyo vitakufungulia njia nyingine kumi. Lakini uamue kwa macho wazi, na mwenye kadi awe ameulizwa. Zipo pia programu za wachezaji zinazokagua kompyuta yako na kukuonyesha kinachokosekana kabla hujatoa pesa.

Wenye PlayStation au Xbox hawapo kwenye mtego huu sana, maana hawawezi kuweka mafaili ya wachezaji kama wenye kompyuta. Kwa upande mwingine, wakitaka njia mpya hawana pengine pa kwenda ila dukani.

Je, mtengenezaji wa bure asilipwe?

Swali hili limewahi kuwaka moto. Mwezi Aprili 2015, Steam iliruhusu watu kuuza nyongeza walizozitengeneza za mchezo mwingine, Skyrim. Mtengenezaji alipewa asilimia 25 ya mauzo, zilizobaki zikienda kwa duka na kwa mwenye mchezo. Wachezaji walipiga kelele. Wengine walikataa kulipia kilichokuwa bure jana. Wengine walisema asilimia 25 ni dharau. Na wengine walionyesha kwamba nyongeza moja inaweza kuwa imejengwa juu ya kazi ya watu watano, sasa nani alipwe? Baada ya siku nne mpango ukaondolewa na pesa zikarudishwa.

Swali la tatu ndilo lililobaki bila jibu, na kwenye treni ndilo zito zaidi, kwa sababu njia moja inaweza kubeba kazi za mikono hamsini.

Njia ambayo watengenezaji wengi wamechagua ni sahani ya sadaka. Kazi ni bure, lakini kuna kitufe cha kuchangia kupitia PayPal, au ukurasa wa Patreon. Sisi tunaiunga mkono. Ukicheza kazi ya mtu kwa miezi sita, dola tatu si nyingi. Ila angalia kama unatoa mara moja au unajiandikisha. Patreon kwa kawaida ni ya kila mwezi: kadi yako itakatwa mwezi huu, ujao, na ule mwingine, hadi uende mwenyewe kusitisha. Tunapokea simu nyingi za "nakatwa dola tano na sijui na nani," na tukifuatilia tunakuta ni mchango uliotolewa kwa moyo mweupe mwaka uliopita.

Mahali ambapo pesa hupotea kweli

Hadi hapa tumezungumzia watu waaminifu. Wapo na wengine.

Kuna anayekutumia ujumbe kwenye WhatsApp au Telegram: njia zote za Train Sim World, kifurushi kizima, shilingi 1,500 tu, tuma kwa namba hii. Unatuma. Moja kati ya mambo matatu hutokea. Anakuzuia na hapatikani tena. Au anakupa akaunti ya mtu mwingine, iliyoibwa, ambayo mwenyewe ataidai baada ya wiki. Au anakupa mafaili yaliyovunjwa kufuli, na ndani yake kuna kitu kingine kinachokuja pamoja na treni.

Hicho kitu kingine si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2018, kwenye michezo ya ndege ambayo ni ndugu wa michezo hii, kampuni ya Flight Simulator Labs iligundulika imeweka ndani ya kisakinishi cha ndege yake ya A320 programu inayoweza kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari cha Chrome. Kampuni ilieleza kwamba ilikusudiwa kuwanasa waliotumia namba za wizi, si wateja halali, kisha ikaiondoa. Lakini faili lenyewe lilikuwa limefika kwenye kompyuta za watu waliolipa kihalali. Kama bidhaa ya kulipia, kutoka kwa kampuni yenye jina, iliweza kubeba kitu kama hicho, fikiria faili ulilotumiwa na mtu asiye na jina.

Na kumbuka kilichohifadhiwa kwenye kivinjari hicho: barua pepe yako, na pengine namba ya kadi yako.

Kwa hiyo ukitumia pesa za simu kulipia michezo, tunasema hivi. Nunua ndani ya duka lenyewe au kwenye tovuti ya mtengenezaji unayemjua. Kitu cha bure hakihitaji namba ya kadi; tovuti ikidai kadi "kuthibitisha umri" ndipo upakue behewa, funga ukurasa. Hakuna mtengenezaji wa treni popote duniani mwenye haja na namba yako ya siri ya simu wala ule msimbo wa mara moja unaotumiwa kwa ujumbe. Kadi ya mtandaoni weka pesa unapotaka kununua, si kabla, na kama inaruhusu kikomo, kiweke. Ukimaliza kununua, ifute kwenye akaunti ya duka. Ni usumbufu wa dakika moja kila mara. Mama wa Thika angeulipia usumbufu huo kwa furaha.

Kuhusu bei: duka likionyesha dola, unakatwa kwa kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo, na kiwango cha kadi si kile unachokiona kwenye taarifa ya habari. Acha nafasi ya shilingi mia chache juu, la sivyo malipo yanakataa. Na usiwe na haraka. Nyongeza za treni hushushwa bei mara kwa mara, hasa kwenye mauzo makubwa ya Steam ya katikati ya mwaka na ya Desemba, na punguzo la nusu bei au zaidi ni jambo la kawaida kwa njia za zamani. Njia iliyojengwa 2014 haiharibiki ikisubiri.

Na kama umenunua ukajuta? Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 za ununuzi, na kwa nyongeza, mchezo wenyewe uwe umechezwa chini ya saa mbili tangu uinunue. Mbili tu. Kwa hiyo siku ya kwanza fungua, jaribu kama inafanya kazi kwenye kompyuta yako, angalia, funga. Kuendesha kutoka mwanzo hadi mwisho kunaweza kusubiri kesho. Na usiifute kadi uliyolipia kabla rejesho halijafika.

Reli ambayo hakuna atakayetuuzia

Kuna jambo moja mwenzetu wa ofisini hataki tulisahau. Kwenye orodha ya nyongeza za Dovetail, sisi hatujaiona Mombasa–Nairobi. Si ya SGR iliyofunguliwa 2017, wala ile ya zamani ya mita moja iliyotambaa kutoka pwani, ikashuka Bonde la Ufa, ikapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Tunaelewa kwa nini. Kampuni inahesabu wanunuzi, na wanunuzi wake wengi wako Uingereza, Ujerumani na Marekani.

Na treni ya kuweka kwenye reli hiyo ipo. Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi ukasimame karibu na injini namba 5918, Mount Gelai. Ni ya daraja la 59, moja kati ya 34 zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, zote zikipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kwenye reli za mita moja, haikuwahi kuwepo injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Hiyo ukisubiri iletwe dukani, utasubiri sana. Itatengenezwa na mtu anayeipenda, usiku, bila malipo, au haitatengenezwa.

Na zana zipo. Dovetail yenyewe ilitoa zana za kuhariri Train Sim World kwa wenye kompyuta mwaka 2023. Za Train Simulator Classic na Trainz zimekuwa ndani ya michezo tangu mwanzo. Ramani za reli zinapatikana bure kwenye OpenStreetMap, na vipimo vya urefu wa milima vilivyopigwa na chombo cha angani vinapakuliwa bila malipo. Kinachohitajika ni muda, na bando.

Tulimpigia tena yule mama wiki mbili baadaye, kumweleza mambo ya kadi mpya. Pesa hazikurudi, kijana alikuwa amecheza wikendi nzima. Walikubaliana anazilipa kwa kufua na kusaidia dukani, na fundi wa tangi akasubiri hadi mwisho wa mwezi. Kadi mpya ina kikomo na haijahifadhiwa popote.

Kijana naye, akatuambia, sasa amekaa kwenye kompyuta akichora reli ya kutoka Nairobi hadi kwao Thika. Ameshafika Ruiru. Mama alikuwa amemuuliza hiyo programu ya kuchorea ni pesa ngapi, akajibiwa ni bure.

"Nikamwambia aapie," mama akasema. "Bure bure, ama bure ya siku ile?"